Yaya wangu, karavani yake, na swali la kununua gari kubwa zaidi

Simu iliingia saa tano za usiku hapa Kalemie. Kule kwake ilikuwa saa tisa za mchana, siku ya Mungu, mwezi wa saba. Nilijua ni yaya wangu kabla hata ya kuangalia namba, maana ni yeye peke yake anayepiga saa hizo. Lakini sauti haikuwa yake ya kawaida.

"Mudogo wangu, leo ilibakia kidogo niue watoto."

Alikuwa amesimamisha gari kando ya barabara, chini ya mlima unaoitwa Galena Summit, katika jimbo la Idaho, Marekani. Shemeji alikuwa ameketi kwenye majani pamoja na watoto wanne, hakuna aliyekuwa anasema. Nyuma ya pikapu yao kulikuwa karavani ya mita nane, na kutoka kwenye mapine yake ilikuwa inatoka harufu ya freni zilizoungua.

Wasomaji wetu wengi wana ndugu upande ule, na mambo kama haya yanatufikia sisi kwa njia ya picha tu: gari kubwa, ziwa zuri, watoto wanacheka. Hesabu iliyo nyuma ya picha hatuionyeshwi. Yaya alikubali niiandike hesabu yake yote, kwa sharti moja, nisitaje jina lake.

Tulizaliwa Baraka, katika Fizi. Mwaka wa 1996, vita vilipofika, yaya alivuka ziwa Tanganyika usiku pamoja na baba mdogo wetu, wakafika Kigoma, kisha kambi ya Nyarugusu. Alikaa kule miaka mingi kuliko alivyokaa kwetu. Leo anaishi Twin Falls, mji wa kusini mwa Idaho ambako wakimbizi Wakongomani si wachache, na anafanya kazi ya zamu katika kiwanda cha maziwa.

Karavani, kwa asiyeijua, ni nyumba juu ya mapine: vitanda, jiko la gesi, friji, choo, tangi la maji. Haina moteri. Inavutwa na gari. Wamarekani wanaivuta wakati wa likizo mpaka kwenye ziwa au msitu, wanalipa kiwanja cha kuiegesha, wanalala siku tatu au nne, wanarudi. Yaya aliinunua kwa mtu binafsi, ikiwa imetumika, dola 14,000. Mama alipoona picha ya kwanza aliuliza swali ambalo mpaka leo tunalicheka katika familia: "Miaka yote ile mulilala chini ya turubai ya UNHCR bila kulipa, sasa munalipa ili mulale porini?"

Jibu la yaya halikuwa la kucheka. Alisema watoto wake wanasikia neno "kambi" na kuona kwenye nyuso za wazazi wao kitu ambacho hawaelewi. Alitaka waone kwamba mtu anaweza kulala nje kwa kupenda, kuwasha moto kwa kupenda, na kurudi nyumbani kesho yake.

Kwa hiyo si kiburi cha gari kilichomfikisha chini ya mlima ule.

Kilichotokea ni hiki. Walikuwa wanatoka Redfish Lake, karibu na mji wa Stanley. Ili kurudi Twin Falls unafuata barabara namba 75, unapanda mpaka Galena Summit, mita 2,652 juu ya usawa wa bahari, halafu unashuka kuelekea Ketchum. Waliokwisha kushuka mlima wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, ndani ya Fuso iliyojaa watajua hisia ile ya tumbo kubakia juu wakati gari inashuka. Barabara ya Galena ina lami nzuri, lakini mteremko haujali lami.

Katikati ya mteremko kamio ilipita upande wa pili na upepo wake ukaipiga karavani ubavuni. Karavani ikaanza kucheza, kushoto, kulia, kushoto tena, kila mara zaidi. Mkia wa pikapu ukaanza kuifuata. Yaya alikanyaga freni kwa nguvu, kama mtu yeyote angefanya, na mchezo ukazidi. Aliponyoka kwa sababu barabara ilinyooka kidogo mbele yake na hakukuwa na gari nyingine. Hivyo tu.

Jumatatu, kabla hajaanza zamu, alikwenda kwa muuza magari. Kumbe alikuwa amekwisha kuuliza mwingine hapo nyuma, kabla ya kununua karavani. Yule wa kwanza alimwambia pikapu yake, Ford F-150 ya moteri V8, inavuta karibu tani 5, kwa hiyo karavani ya tani 3 ni mchezo wa mtoto. Huyu wa pili akamwambia gari yake ni ndogo mno, ni lazima achukue F-250 ya mazutu, na bahati nzuri moja iko pale pale kwenye kiwanja. Yaya akanitumia picha mbili za karatasi na swali moja: nani anadanganya?

Mimi si fundi. Nilitumia juma nzima kusoma na kuuliza, na jibu ni kwamba hakuna aliyedanganya sana, ila kila mmoja alikuwa anajibu swali la kumsaidia kuuza.

Kuvuta ni kitu kimoja, kubeba ni kingine. Mchukuzi wa bandarini hapa Kalemie anaweza kusukuma pusipusi yenye magunia sita. Mpandishe magunia mawili kichwani, magoti yanamwisha. Gari iko vile vile. Tani 5 za muuzaji wa kwanza ni uzito wa kuvuta, na moteri kweli inauweza. Lakini remorke haivutwi tu. Kichwa chake kinakaa juu ya mkia wa gari na kuukandamiza. Kwa karavani za kawaida, kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake wote unapaswa kukaa pale kwenye kroshe. Ukipunguza chini ya 10, karavani inakuwa nyepesi puani na nzito mkiani, na hapo ndipo inapoanza kucheza. Siku ile ya Galena yaya alikuwa amefunga baisikeli nne za watoto nyuma kabisa ya karavani. Alifikiri anapunguzia pikapu mzigo. Kumbe alikuwa anaiondolea karavani pua yake.

Uzito ule wa kroshe gari inaubeba, sawa na inavyobeba watu na mizigo, na wote unahesabiwa pamoja. Ndiyo maana namba inayofaa kusomwa kwanza haiko katika karatasi ya matangazo. Iko kwenye kibandiko kidogo ndani ya mlango wa shofere. Sheria ya Marekani inadai kila gari dogo liwe nacho: kinasema watu wote pamoja na mizigo yote wasipite kilo fulani. Kwa pikapu ya yaya, kilo 703. Si tani 5. Ni mia saba na tatu, na shofere mwenyewe yuko ndani ya hesabu.

Yaya alikuwa ameendesha gari ile miaka mitatu bila kusoma kibandiko. Nisimcheke. Na mimi niliwahi kupanda Hilux hapa kwetu tukiwa watu kumi na saba.

Kuna jambo jingine kuhusu zile tani 5. Viwanda vya Marekani vinapima uwezo wa kuvuta kwa kanuni moja inayoitwa SAE J2807, na Toyota ndiyo iliyotangulia kuifuata, kwenye Tundra ya mwaka wa 2011. Kabla ya hapo kila kiwanda kilitangaza namba yake kwa furaha yake. Kanuni ni nzuri: gari inapandishwa mlima wa Davis Dam, kwenye jangwa la Arizona, katika joto kali, kiyoyozi kikiwaka, na haipaswi kushuka chini ya kasi fulani. Lakini kanuni hiyo inahesabu watu wawili tu ndani ya gari, kila mmoja kilo 68. Dereva na mwenzake, basi. Familia ya Kikongomani ya watu sita, na gunia la unga wa muhogo nyuma, haimo katika jaribio lile.

Kisha kuna mwinuko. Moteri isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kule juu Galena, pikapu ya yaya ilikuwa imebakiwa na robo tatu hivi ya nguvu ilizokuwa nazo usawa wa bahari. Hilo linaeleza kwa nini ilikuwa inalia wakati wa kupanda. Halielezi hofu ya kushuka. Ya kushuka ni ya uzito na freni.

Aliyetuletea mwanga ni jirani ya yaya, mtoto wa Uvira, shofere wa kamio kubwa zinazovuka majimbo. Yeye anaishi kwa mizani. Alisema maneno ambayo yaya alinirekodia: "Weye unabishana na wauzaji bure. Peleka gari kwenye mizani. Mizani haina komisyo."

Kwenye vituo vya mafuta vya makamio kule Marekani kuna mizani ya CAT Scale. Si ya polisi, ni ya biashara, mtu yeyote analipa chini ya dola 20 na kupimwa. Unaegesha, ekseli za mbele za gari zinakaa kwenye bamba moja, za nyuma kwenye bamba la pili, remorke kwenye la tatu, na unapewa karatasi yenye uzito wa kila bamba. Yaya alikwenda jumamosi asubuhi, kila kitu kikiwa ndani kama siku ya kwenda likizo: tangi la maji limejaa, gesi, chakula, baisikeli ndani ya pikapu safari hii, na watoto wanne waliokasirika kwa sababu hawakuwa wanakwenda ziwani.

Karatasi ilitoka kwa paundi. Nimeigeuza kwa kilo.

Pikapu peke yake ina kilo 2,495. Watu sita ni kilo 335. Yaya 92, shemeji 78, na watoto wote pamoja 165. Vitu vya nyuma ni 80. Chuma cha kroshe chenye resori za kugawanya uzito, 40. Karavani nzima kilo 3,200, na kati ya hizo 416 zilikuwa zinakaa juu ya mkia wa pikapu, yaani asilimia 13, mahali pazuri kabisa. Zile resori za kroshe zilirudisha kama kilo 30 kwenye mapine ya karavani. Ukijumlisha, pikapu ilikuwa inasimama na kilo 3,336, wakati kiwanda kinaruhusu 3,198.

Ilizidi kilo 138. Na msafara mzima, gari na karavani, ulikuwa kilo 6,150, ambao ni chini ya kikomo cha kiwanda kwa vyote viwili pamoja. Kwa hiyo muuzaji wa kwanza alikuwa na haki: inavuta. Na magoti ya mchukuzi yalikuwa yanakunjika.

Kilo 138 ni nini, mtu wa Kalemie atauliza, wakati hapa kwetu Fuso ya tani 5 inabeba 9 na kufika? Nilimuuliza shofere yule swali hilo hilo. Alinijibu kwamba inafika mara nyingi, na kwamba mimi nawahesabu zile zilizofika. Kisha akaeleza kwamba hatari haiko katika chuma kuvunjika siku ile ile. Mkia ukishuka, pua inainuka, mapine ya mbele yanashika barabara kidogo, na ndiyo yanayogeuza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya freni. Karavani ikianza kucheza, gari yenye pua nyepesi haina la kuijibu.

Alimfundisha pia kitu ambacho kila mwenye remorke kubwa angepaswa kufundishwa kabla ya kupewa funguo. Karavani ina freni zake za umeme, na ndani ya gari karibu na volani kuna kifaa kidogo cha kuziongoza, chenye kibonyezo cha mkono. Karavani ikicheza usikanyage freni ya gari. Toa mguu kwenye mafuta, shika volani imara bila kupigana nayo, na bonyeza kile kibonyezo, ili karavani peke yake ivutwe nyuma na kunyooka kama kamba. Yaya alikuwa nacho kifaa hicho siku zote. Alidhani ni cha kurekebisha taa.

Hapo maswali yakawa mawili: kupunguza mzigo, au kuongeza gari.

Kupunguza walijaribu kwanza, kwenye karatasi. Waache baisikeli na vitu vyote vya nyuma: kilo 80. Wasafiri na tangi tupu na kujaza maji kule kule ziwani: lita 150 ni kilo 150, lakini kwa sababu tangi liko katikati ya karavani, mkia wa pikapu ungepata nafuu ya kama kilo 20 tu. Jumla mia moja. Bado kilo 38 zinazidi, na wameacha kila kitu nyumbani. Tena watoto wanakua kila mwaka, namba ya mlangoni haikui.

Basi gari kubwa. Nataka kuwa wa haki kwake, kwa sababu ni gari nzuri kweli. F-250 na wenzake, Ram 2500 na Silverado 2500, ni daraja linalofuata. Freni zake ni kubwa zaidi, resori ni nene zaidi, na uzito wake wenyewe unaifanya karavani isimtikise shofere ovyo. Yenye moteri ya mazutu ina turbo, kwa hiyo mlima hauibii nguvu nyingi, na ina freni ya moshi inayoishikilia mteremkoni bila kuchosha freni za mapine. Kama yaya angekuwa nayo siku ile, pengine nisingekuwa na cha kuandika.

Lakini jirani alimwambia kitu kimoja: kabla ya kuzungumza bei, fungua mlango, soma kibandiko. Yaya alifungua mlango wa ile ya mazutu iliyokuwa kiwanjani, yenye viti vya ngozi na madirisha ya juu. Kilo 950.

Alinipigia video akiwa amesimama pale pale, haamini. Gari kubwa namna ile, iliyotengenezwa kwa kazi, na inaongeza kilo 247 tu? Sababu ni kwamba nyingi za daraja hili zimewekewa kikomo cha paundi 10,000 kwa uzito wote, yaani kilo 4,536, na moteri ya mazutu yenyewe ni nzito, na anasa yote ile ni nzito. Kila kinachoongezwa kwenye gari kinatolewa kwenye kile ambacho gari inaweza kubeba. Ile ile yenye moteri ya esansi na viti vya kitambaa inabeba zaidi sana. Yaya alihitaji kilo 871. Kwa hiyo gari ya bei kubwa ingemwachia kilo 79, mtoto mmoja na nusu.

Bei: dola 52,000, na imetumika. Pikapu yake wangeipokea kwa 24,000. Ingebaki kukopa 28,000, kwa faida ya asilimia 9, miaka 5. Nimeipiga hesabu mara tatu: dola 581 kila mwezi, na mwisho wa miaka 5 amelipa karibu 34,900. Sijaweka bima, mapine, wala mazutu. Familia inakwenda ziwani kama mara tano kwa mwaka, kwa sababu Idaho ina theluji miezi mingi, na wanalala kule kama siku 20 kwa jumla. Gawanya. Kila usiku mmoja wa porini ungeongezewa dola 349 za gari tu. Kwa pesa hizo, alisema shemeji, tulale katika hoteli yenye bwawa na mutu wa kututandikia kitanda.

Siku zinazobaki za mwaka gari ile ingekwenda kiwandani na kurudi, na kutafuta mahali pa kuegesha penye kuitosha.

Sasa niseme na upande wetu, kwa sababu sitaki msomaji afikiri nilikuwa mshauri asiye na maslahi. Mwaka wa 2024 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba nyingi za Kalemie. Kwa mama yaliingia mpaka chumbani. Tulimhamisha kwa miezi, yakashuka, akarudi, kwa sababu hataki kuishi kwa watu. Tangu hapo tunatafuta kiwanja juu, mbali na maji, na yaya ndiye anayetuma dola 200 kila mwezi kwa ajili hiyo. Kila mmoja katika familia alijua, bila kusema, ni mfuko gani ungetoa zile 581.

Tulifanya mkutano kwa WhatsApp, watu tisa, nusu yao wakiongea kwa pamoja kama kawaida. Dada yetu wa Lubumbashi alisema wazi kwamba ni aibu kununua gari ya kuvuta nyumba wakati nyumba ya mama inaogelea. Yaya alinyamaza muda mrefu. Nilifikiri amekata simu. Kisha akasema ametuma pesa nyumbani tangu mwezi wake wa kwanza wa mshahara, ya kwanza kabisa hata kabla hajanunua koti la baridi, na kwamba watoto wake nao ni familia.

Alikuwa na haki. Dada naye alikuwa na haki. Mimi nilibaki na kalamu yangu ya hesabu, na kwa kweli nilikuwa nafurahi kwamba hesabu inaegemea upande wangu, jambo ambalo silioni kuwa la kujivunia.

Aliyevunja ukimya ni mama. Hakuuliza gari inagharimu kiasi gani. Aliuliza: "Ile nyumba ya mapine, haina ndogo yake?"

Ndogo yake ipo. Na hapa ndipo nashangaa kwamba wauzaji wawili, jirani mmoja na mwandishi mmoja wa habari tulizunguka majuma matatu tukijadili gari, bila mtu kugusa upande wa pili wa kroshe. Sote tulishika swali kama tulivyopewa: gari hii au gari kubwa zaidi? Karavani tuliihesabu kama mlima wa Galena, kitu kilichokuwapo tangu mwanzo wa dunia.

Yaya aliiuza kwa dola 12,500, hasara ya 1,500, ambayo anaiita ada ya shule. Alitafuta mwezi mzima. Safari hii alikwenda na karatasi mfukoni, na katika kila karavani alifungua mlango kwanza, akasoma kibandiko, akauliza uzito ikiwa imejaa badala ya ikiwa tupu, maana uzito wa tupu ni wa siku moja tu, siku ya kununua. Aliyoichukua ni fupi, mita tano na nusu. Haina chumba cha wazazi. Meza inageuka kitanda usiku, na mtoto wa kwanza, mwenye kilo 62 na maoni mengi, analala kwenye hema nje. Alilalamika siku mbili, kisha akagundua kwamba hemani hakuna mtu wa kumwambia azime simu.

Waliipeleka kwenye mizani kabla ya kuipeleka ziwani. Karavani imejaa, kilo 2,000. Uzito wa kroshe 240, asilimia 12. Vitu vya nyuma walivipunguza mpaka kilo 50. Pikapu ilisimama na kilo 3,140, chini ya kikomo kwa kilo 58. Yaya alinitumia picha ya karatasi ile saa nane za usiku, bila neno lolote, na mimi nikamjibu kwa kidole gumba.

Nilimuuliza kama hatataka tena gari kubwa. Alisema anaitaka, kila siku anaiona ikipita. Watoto wakizidi kukua, watatu wakiwa na miili kama ya baba yao, hesabu itavunjika tena na atalazimika kuchagua upya. Na huenda wakati ule wakubwa watakuwa hawataki tena kwenda na wazazi. Jirani amemwambia kwamba siku ikifika asitazame ya mazutu yenye ngozi, atafute ya esansi, ya kazi, yenye kilometa chache, na aende na karatasi.

Mwisho wa mwezi wa nane walipanda Galena tena. Safari ya kwenda, na safari ya kurudi. Shemeji alirekodi mteremko wote, dakika kumi na moja za barabara na miti na sauti ya watoto wakigombania biskuti, na akautuma kwenye kundi la familia. Upepo wa kamio moja ulipiga, ukaona kioo cha pembeni kikitikisika kidogo, basi. Kidole cha yaya kilikuwa kimekaa karibu na kile kibonyezo wakati wote.

Mama aliitazama video mpaka mwisho, simu ikiwa karibu na uso wake. Kisha akaomba nimrudishie mahali pa ziwa, akauliza kama ziwa lile nalo linapandaga na kuingia katika nyumba za watu. Nilimwambia sijui. Kiwanja chake tulikilipia sehemu ya mwisho mwezi wa kumi, kiko juu ya kilima, na sasa tunatafuta matofali.